Mchoro Unaoitika

Tarakimu zina tabia moja ya ajabu: zikiwa chache humwambia mtu jambo, zikiwa nyingi humnyamazia. Mtu akiambiwa kuwa nyumba ina watu saba, huwaona watu saba. Akipewa jedwali la kurasa arobaini lenye hesabu ya watu wa kila kata, huona wino tu. Mwaka 1786 William Playfair, mtu wa Scotland, alitoa mjini London kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza, ambamo thamani ya bidhaa zilizoingia na zilizotoka ilionyeshwa kwa mistari ya kupanda na kushuka badala ya safu za tarakimu. Katika kitabu hicho hicho alichora nguzo za kulinganisha, na mwaka 1801 akaongeza duara lililokatwa vipande kama mkate. Karibu kila mchoro wa takwimu utundikwao katika ukuta wa ofisi leo ni mjukuu wa michoro hiyo.

Lakini mchoro wa Playfair ulikuwa na mpaka wake. Ulisema kile mchoraji alichotaka useme, kisha ukanyamaza. Msomaji aliyetaka kujua habari za bandari moja tu, au za mwaka mmoja tu, hakuwa na wa kumwuliza. Kompyuta imeuvunja mpaka huo. Mchoro ulio katika kioo cha kompyuta au cha simu waweza kuguswa, kuchujwa, kukuzwa na kupangwa upya, na kila uguswapo ukatoa jibu. Hapa utaitwa mchoro unaoitika, maana jina hilo laeleza kazi yake: msomaji huita, nao huitika. Namna ya kuujenga ili uitike vizuri ndiyo habari inayofuata, na sharti lake la kwanza ni hili: mchoro uwe umekwisha kusema kweli kabla haujaguswa na mtu.

Sharti hili latangulia kwa sababu wasomaji wengi hawagusi. Mwaka 2016 Archie Tse, mmoja wa wakuu wa michoro katika gazeti la New York Times, aliwaeleza mafundi wenzake kwamba gazeti hilo lilikuwa limepunguza michoro ya kubonyezwa, kwa kuwa wasomaji walio wengi huteremsha ukurasa tu na kwenda zao. Basi fundi aliyeweka jambo kubwa nyuma ya kitufe amelificha kweli kweli, hata kama nia yake ilikuwa kulitangaza.

Iko sababu ya pili, nayo yahusu mchoro uliopendwa kuliko yote katika karne hii. Mwezi wa Februari 2006 Hans Rosling, daktari na profesa kutoka Sweden, alisimama mbele ya watu huko Monterey, katika jimbo la California, akawaonyesha nchi za dunia kwa umbo la maduara. Ukubwa wa duara ulikuwa idadi ya watu. Mahali pake palionyesha wastani wa watoto kwa kila mwanamke na wastani wa miaka ya kuishi. Miaka ilipoanza kwenda, maduara nayo yalikwenda, na Rosling akayatangaza kama mtangazaji wa mpira atangazavyo mbio za wachezaji. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa waliona kwa macho yao kwamba dunia waliyofundishwa shuleni, ya nchi tajiri upande mmoja na nchi maskini upande wa pili, ilikuwa imekwisha kutoweka. Programu hiyo ilitungwa pamoja na mwanawe Ola Rosling na mkewe Ola, Anna Rosling Rönnlund. Mwaka 2007 ilinunuliwa na kampuni ya Google. Rosling hakuwa mchezaji wa mazingaombwe. Tangu 1979 hadi 1981 alikuwa daktari wa wilaya huko Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, na huko alianza kuchunguza ugonjwa wa kupooza miguu uletwao na mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha. Alijua vema duara dogo lililo chini kabisa ya mchoro limebeba nini ndani yake.

Miaka miwili baada ya hotuba hiyo, George Robertson na wenziwe walichapisha uchunguzi juu ya michoro ya namna hiyo hiyo. Watu walipewa maswali, wakitazama maduara yaendayo, au njia za maduara zilizochorwa zikatulia, au michoro midogo midogo iliyopangwa pamoja, kila nchi na wake. Watu waliufurahia mwendo. Nao ulipotumika kwa kuwaonyesha tu jambo lililokwisha kuteuliwa, uliwapa jibu upesi, ingawa kwa makosa mengi. Lakini walipotakiwa kuchambua wenyewe, mwendo ulikuwa wa mwisho: michoro iliyotulia iliwapa majibu upesi zaidi, na ile midogo midogo iliwapa majibu yaliyo sahihi zaidi.

Jambo hili si la kumdhihaki Rosling. Yeye alisimama kando ya mchoro wake, akanyosha kidole, akasema tazama hapa. Mchoro uliowekwa katika simu ya mtu asiyejulikana, usiku, hauna wa kusimama kando yake. Jicho la binadamu laweza kufuata vitu vinne au vitano viendavyo kwa pamoja, si mia moja. Kwa hiyo anayetaka kutumia mwendo na amwachie msomaji usukani: pawe na kitufe cha kusimamisha, pawe na mstari wa miaka unaoweza kuburutwa mbele na nyuma, na duara liachalo mahali liache alama ya njia yake, kama mtu aachavyo nyayo mchangani. Na pale ambapo swali ni la kulinganisha miaka miwili tu, mwendo hauna kazi. Nukta mbili na mstari kati yake zatosha.

Namna ya kupanga majibu ya mchoro ilielezwa mwaka 1996 na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland: kwanza mandhari yote, kisha kukuza na kuchuja, halafu habari ndogo ndogo kwa anayezitaka. Mtu wa pwani hahitaji kwenda Maryland kuufahamu utaratibu huo. Mnunuzi wa kanga afikapo dukani hasimami mbele ya kanga moja. Kwanza hutupa macho juu ya zote zilizotundikwa, apate kujua duka lina nini. Kisha husema aonyeshwe zile nyekundu, na mwenye duka huziweka kando nyingine. Hatimaye moja hukunjuliwa, na hapo ndipo jina lake husomwa. Mwenye duka amlazimishaye mteja kusoma jina la kila kanga kabla hajaziona rangi atalala na mali yake. Hata hivyo ndivyo ifanyavyo michoro mingi: humfungulia msomaji orodha ya vitufe kumi na viwili, ikamtaka achague mkoa, mwaka, jinsia na umri kabla hajaonyeshwa chochote. Msomaji huyo hajui achague nini, kwa kuwa bado hajaona.

Uchukuliwe mfano wa Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022. Watu waliohesabiwa walikuwa 61,741,120, katika mikoa 31 ya Bara na Zanzibar. Fundi anayeanza, akipewa hesabu hizi, mara moja huchora ramani na kuipaka mikoa rangi, nzito kwa watu wengi na nyepesi kwa watu wachache. Ramani hupendeza, lakini Mkoa wa Lindi, wenye kilomita za mraba zaidi ya 65,000 na watu wapatao milioni 1.2, hutwaa sehemu kubwa ya macho. Na Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 katika kilomita za mraba zipatazo 1,400, huwa doa. Ramani ikiwa na upana wa sentimita sita katika kioo cha simu, kila milimita moja ni kilomita ishirini hivi, na Dar es Salaam yote ni milimita chache tu. Ncha ya kidole ina upana wa milimita kumi. Msomaji akitaka kuugusa mkoa huo huufunika pamoja na Pwani yote ilivyouzunguka, na mchoro humjibu habari za mkoa ambao hakuuliza. Hapo ndipo mtu husema kwamba simu yake mbovu, wala si mbovu.

Dawa yake si moja. Ya kwanza ni kukumbuka kwamba jicho halipimi vitu vyote kwa usahihi ule ule. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walieleza kwamba mtu hukadiria vizuri zaidi mahali pa nukta katika kipimo kimoja, kisha urefu, halafu pembe, kisha eneo; rangi nzito na nyepesi zimo mwishoni. Kwa hiyo idadi ya watu iwekwe katika nguzo zilizolala, zimepangwa kutoka mkoa wenye watu wengi hadi wenye watu wachache, zote zikianzia sifuri. Ramani ikae kando kama kielelezo cha mahali tu. Dawa ya pili ni kuziunganisha mbili hizo: msomaji agusapo nguzo ya Kigoma, Kigoma ing'ae katika ramani, na agusapo ramani, nguzo ing'ae. Ya tatu ni kupanua mahali pa kugusia bila kupanua kinachoonekana. Eneo lote la kioo hugawanywa, kila nukta ikapewa sehemu iliyo karibu nayo kuliko nukta nyingine, ili kidole kianguke popote kisikose mwenyewe. Mgawanyo huo una jina la Voronoi, mtaalamu wa hesabu. Msomaji hauoni, ila huona kuwa mchoro unamsikia.

Katika kuchuja iko hatari ambayo mafundi hodari huangukia. Tuseme msomaji amechagua mikoa ya Zanzibar peke yake. Programu nyingi, zikiachiwa zifanye zipendavyo, hupanua kipimo ili nguzo zijaze nafasi iliyobaki wazi. Mjini Magharibi, penye watu wasiofika 900,000, hurefuka ghafula hadi pale ilipokuwa Dar es Salaam, na msomaji aliyepepesa macho huondoka akiamini miji miwili hiyo ni sawa. Tarakimu pembeni mwa kipimo zimebadilika, ndiyo, lakini nani azisomaye? Hapa mchoro umesema uongo ilhali kila hesabu iliyomo ni ya kweli. Basi kipimo kibaki kile kile; au kama lazima kibadilike, kibadilike mbele ya macho, nguzo zikinyoshwa polepole, na kivuli cha kipimo cha kwanza kikibaki nyuma yake.

Polepole hiyo nayo ina kiasi chake. Tangu Robert Miller alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1968, wajenzi wa programu wameshika kwamba jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi kuwa kidole chake ndicho kilichotenda. Likipita sekunde moja, fikira zake huanza kukatika. Kwa hiyo alama ya kuwa mguso umepokelewa itokee papo hapo, na mwendo wa nguzo kutoka hali moja kwenda nyingine uchukue nusu ya sekunde mpaka sekunde nzima. Na mkoa uliokuwa wa tano ukiwa wa pili, uonekane ukisafiri kwenda mahali pake. Usifutwe na kuandikwa upya, maana msomaji hataweza kujua kama ni ule ule.

Upesi huo hutegemea jinsi mchoro unavyochorwa ndani ya mashine, na hapa fundi huwa na njia mbili. Katika njia iitwayo SVG kila nguzo na kila nukta ni kitu kinachojitegemea, chenye jina, kinachoweza kuitwa kikaitika. Ni njia tamu kwa mikoa 31, au kwa nukta mia kadhaa. Nukta zikifika maelfu kwa maelfu simu ndogo huanza kuhema. Katika njia ya pili, ya kanvasi, nukta hupakwa kama chokaa ukutani: hupakwa upesi mno, lakini zikisha kupakwa ukuta haujui nukta ipi ni ipi, na fundi hubidi aweke daftari lake la kando la kujua kidole kimeangukia wapi. Programu ya D3, iliyotolewa mwaka 2011 na Michael Bostock, Vadim Ogievetsky na Jeffrey Heer wa Chuo Kikuu cha Stanford, hukubali njia zote mbili. Anayeanza na ashike ya kwanza mpaka imshinde. Tena akumbuke kwamba msomaji hulipia kila kipande cha data kwa bando lake. Kumpelekea jedwali la kata zote za nchi ili aone mikoa 31 ni kumtoza ushuru wa mzigo asiouagiza. Kata zipelekwe pale tu mkoa wake unapoguswa.

Juu ya rangi hapana haja ya maneno mengi. Nyekundu na kijani, ambazo kila mtu huzikimbilia kwa kuonyesha ubaya na uzuri, ndizo zinazochanganywa na watu wengi wenye upungufu wa kuona rangi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini ya Ulaya ni karibu mmoja katika kila 12. Buluu na rangi ya chungwa hutenganika kwa karibu kila jicho. Na kitu kisielezwe kwa rangi tu pale ambapo jina laweza kuandikwa.

Ipo mbinu moja ambayo yastahili kukaliwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayohalalisha taabu yote ya kuujenga mchoro unaoitika. Mwezi wa Mei 2015 gazeti la New York Times lilitoa mchoro mtupu. Palikuwa na vipimo viwili, kimoja cha mapato ya wazazi na kimoja cha nafasi ya mtoto kuingia chuoni, na msomaji akaombwa auchore mstari mwenyewe kwa kidole. Alipomaliza ndipo mstari wa kweli ulipotokea juu ya wake. Wenyeji husema kuuliza si ujinga. Hapa mchoro ndio uliouliza kwanza.

Mbinu hiyo ikiletwa Tanzania ina mahali pake. Wanafunzi wapewe kipimo cha miaka tangu 1999, na kipimo cha watoto wanaokufa kabla ya kutimiza miaka mitano katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Wapewe nukta ya kwanza tu, ya uchunguzi wa afya wa mwaka 1999: watoto 147. Kisha waambiwe wachore mpaka 2022. Mmoja atauchora mstari uliolala, kwa kuwa amezoea kusikia habari mbaya, mwingine ataupandisha. Halafu zije nukta za kweli, moja baada ya nyingine: 112 katika uchunguzi wa 2004–05, 81 katika ule wa 2010, 67 katika ule wa 2015–16, na 43 katika ule wa 2022. Nafasi iliyo kati ya mstari wa mwanafunzi na nukta hizo ni watoto walio hai ambao yeye katika fikira zake alikuwa amekwisha kuwazika. Jedwali lenye tarakimu tano hizo hizo laweza kusomwa na kusahauliwa kabla ya chakula cha mchana. Aliyekosea kwa kidole chake mwenyewe hasahau upesi.

Lakini fundi mwaminifu hana budi kuyasema mawili juu ya nukta hizo. Kila moja hueleza miaka mitano iliyotangulia uchunguzi wake, si mwaka ulioandikwa. Kwa hiyo nukta ya 2022 haifai kukaa juu ya 2022 bila maelezo. Na zote zimetoka katika nyumba zilizoteuliwa, si katika nyumba zote za nchi. Kila moja ina upana wa shaka, ambao uchorwe kama kivuli juu na chini yake. Zikiunganishwa kwa mstari mnene mweusi, msomaji atadhani kila mwaka ulipimwa. Mafundi wengi hukiacha kivuli hicho kwa kusema kwamba kitawachanganya watu, na udhuru huo ni dhaifu: mkulima anayeishi kwa kukisia mvua hachanganywi na jambo lisilo hakika.

Mchoro ukisha kukamilika upelekwe kwa watu watano wasiouona kabla, katika simu zao wenyewe na si katika kompyuta kubwa ya fundi. Wasielezwe lolote. Waulizwe kwanza, kabla hawajagusa, wameona nini. Kisha waachwe waguse, na fundi akae kimya ingawa kimya hicho ni kigumu kuliko kazi yote. Atamwona mmoja akigusa kichwa cha habari akingoja kijibu, na mwingine akikuza ramani hadi ipotee asijue njia ya kurudi. Kwa huyo wa pili kiwekwe kitufe kimoja, chenye maneno wala si alama: Rudi mwanzo.

Na chini ya mchoro, pamoja na jina la waliozikusanya hesabu na mwaka wa kuzikusanya, liwekwe jedwali lenyewe. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea kioo kwa sauti. Programu hiyo haiwezi kusoma duara liendalo wala nguzo inayorefuka, lakini ikifika kwenye jedwali husoma safu kwa safu: Dar es Salaam, 5,383,728.